Kikohozi cha Bafuni

Rafiki yangu mmoja, mpima viwanja, alihamishiwa kikazi mji wa mbali, akapata chumba katika nyumba kuukuu ya kushirikiana. Ofisi ilikuwa imethibitisha kwamba nyumba hiyo inafaa kukaliwa. Haikusema na nani.

Bafu lilikuwa moja, mwisho wa ukumbi uliojaa giza hata asubuhi, na mlango wake haukuwa na komeo. Anayetaka kuingia hubisha; aliyemo hukohoa.

Asubuhi ya kwanza ya kazi alibisha. Ndani kikasikika kikohozi kikavu, cha mtu mzima sana. Akangoja, akabisha tena. Kikohozi.

“Umehamia humo?” akafoka. “Wengine tuna kazi, kizee wewe!”

Milango ikafunguka nyuma yake. Wakatoka wapangaji wenzake wote, na mama mwenye nyumba, bibi wa mvi tupu, ufagio mkononi.

“Unamtukana nani, mwanangu?”

“Nisamehe, mama. Nilidhani… nilidhani ni wewe.”

“Alaa! Kumbe kizee ni mimi!” Ukumbi mzima ukaangua kicheko. “Sote tuko hapa. Fungua ukaoge.”

Akausukuma mlango. Hamkuwa na mtu, na sakafu ilikuwa kavu. Miguu ilikataa kuingia, lakini kugeuka awatazame usoni aliona ni kugumu zaidi. Akaingia, akaurudisha mlango, akasimama gizani uso ukimwaka kwa aibu.

Baadaye mlango ukabishwa taratibu.

“Umo, mwanangu?”

Kabla hajafungua kinywa, kikohozi kilikwisha kumjibu mama, kikavu, karibu kabisa na sikio lake.