Beji Iliyowekewa Maji

Cheka. Toa hayo meno yote nje. Ukimaliza, nyamaza, maana wewe hujawahi kumbebea maiti maji mgongoni. Syombua amebeba miaka hamsini.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, jua likizama. Alitoka Kithimani kwenda kwa Wathome kudai beji ya marehemu mumewe, Muli. Muli aliitoa vitani, jangwani Libya: tai wa chuma ndani ya shada la majani, alama ya marubani wa Kijerumani. Aliivua kifuani mwa rubani aliyeungua lakini bado anapumua, anaomba maji. Muli alikuwa na maji. Hakumpa.

Tangu hapo, kila jioni, beji iliwekewa kikombe cha maji. Kufika asubuhi, kikombe kikavu. Mwaka wa njaa au wa mvua, Syombua ndiye aliyeyachota mferejini.

Muli alipokufa, Wathome, mkusanyaji wa beji za vita, alikuja matangani. Akalia kuliko wenye msiba. Akaondoka na ile ya Muli mfukoni.

"Karibu, susu!" Wathome akamlaki akicheka, kama mjukuu na bibi yake.

Midomo ya Wathome ilikuwa imepasuka. Ukutani beji zilipangwa kwenye kitambaa chekundu, ya Muli katikati, imesuguliwa inang'aa.

"Nipe. Niliapa nitaizika miguuni pa Muli."

"Hiyo nilinunua Nairobi, susu. Macho yako yamechoka."

"Masikio bado. Ni nani anapumua hapo?"

Wathome akaacha kucheka.

Hhh... hhh...

Sauti ilitoka ukutani, kavu, kama koo limejaa mchanga. Chumba kikanuka petroli na nyama iliyoungua. Wathome akarukia jerikani ya maji aliyoijaza mchana ule.

Tupu.

"Siku ya tatu leo," akanong'ona. "Nakunywa, hayafiki tumboni. Inataka nini?"

"Sema kwanza uliitoa wapi."

Wathome akaitazama beji. Mzungu wa kuinunua alikuwa anakuja Ijumaa.

"Nairobi."

Syombua akatoa chupa ya maji ya beji kwenye kiondo. Akanywa yote, polepole, akimwangalia.

Kitambaa chekundu kikaanza kujikunja kwa joto. Moto haukuwepo. Ile sauti ikatamka neno moja la kigeni, lile Muli alilokuwa akililia usingizini.

Sasa ilikuwa nyuma ya shingo ya Wathome.

"Susu... ma... ma..."

Ulimi wake ulikuwa mweusi.

Syombua akajifuta mdomo kwa leso.

"Kaombe huko Nairobi," akasema. Akaiacha beji ukutani, akatoka, akaufunga mlango.