Figa la Tatu la Munigi

Injini ilikuwa haijawashwa, lakini ilinuka maharage yaliyoungua.

Twahiru alinusa mikono yake, akasema ni uchovu. Vita vilikuwa vimepita Rumangabo, nusu ya Goma inafunga magodoro, naye hakuwa na namna ya kumtoa mama yake, aliyelemaa miguu, isipokuwa kwa Peugeot kuukuu ya marehemu baba yake. Gari hilo lilikosa kolektere, lile bomba la chuma linalopokea moshi wa injini. Bomba alilipata Munigi, katika kambi ya wakimbizi iliyohamwa. Mtu alikuwa amelifanya figa la tatu pamoja na mawe mawili. Akalichukua. Nani asingechukua? Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mama yake, Mama Kuluthumu, aliposikia, alishusha sauti.

"Papa, mutoto wangu, ulitosha figa mu jiko ya mutu, ukaleta hapa?"

"Mwenyewe hayuko, mama. Kambi iko bule, hakuna mutu."

"Alienda, ao alikufa?"

Twahiru aliinama kuokota spana. Aliogopa. Kwao, mafiga ya aliyekufa hayaguswi, hata na fukara.

Akasugua kutu, akaweka gasketi, akakaza nati kuanzia katikati kwenda pembeni. Asubuhi alizikuta zote chini, na kolektere limekaa juu ya majivu ya moto ambao hakuna aliyeuwasha. Akalirudisha. Mchana, akiwa amelala chini ya gari, alisikia juu yake mwiko ukikwaruza sufuria, ukikwaruza na kukwaruza, na watoto wakilia kilio cha njaa kisicho na nguvu, na alipotaka kusoma Aya ya Kursi ulimi ukamwia mzito, akabaki hivyo na spana kifuani mpaka sauti zikachoka zenyewe.

Mizinga ilipokaribia, gari liliwaka mara moja. Akambeba mama, akamkalisha mbele, wakashika njia ya Sake.

Walipopita Himbi, mama alisema polepole, "Simama. Batoto bangu bapande."

"Batoto gani, mama? Ulizaa miye peke yangu."

Mama hakumtazama. Mkono wake ulikuwa ukikoroga hewa, na miguu iliyolemaa ilikuwa ikichezacheza. Twahiru akasimamisha gari. Hakuwa na nguvu ya kubisha. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa.

"Na mama yangu?" Twahiru akanong'ona. "Mama yangu iko wapi?"

"Ku Munigi, mu jiko yangu," ikajibu sauti ngeni kutoka kinywani mwa mama, bila hasira. "Sufuria haiwezi simama ku mawe mbili."