Sauti ya Upande Mmoja

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ilishuka ghafla mchana, na watu wakakimbilia ndani ya steshenari moja ndogo karibu na soko, wengine na ndizi zao kichwani. Katikati ya msongamano ule Tulinagwe alikuwa ameinama mbele ya kompyuta ya kukodi, sweta jekundu limelowa mabegani, simu ameisogeza kwenye spika kama anayemlisha mtoto uji. Alikuwa akirekodi mafunzo ya mtandaoni ya wakulima wa chai. Kikundi chake cha Lufingo kilimtuma yeye, maana kule mtandao ni wa kubahatisha.

"Dada, hapo unarekodi bati," mtu akasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, koti la mvua la bluu, mwanya katikati ya meno.

"Wewe ni nani?"

"Ezron. Narekodi kwaya na sherehe, nyumbani kwangu hapo juu. Hebu sikiliza ulichopata."

Akasikiliza. Mvua tupu, na kwa mbali mwalimu, kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Mungu wangu! Wanakikundi watanila nyama."

"Jumatano ijayo njoo kwangu. Kompyuta yangu inaidaka sauti ikiwa bado ndani, kabla haijafika kwenye spika. Mvua inyeshe mpaka ichoke, hutaisikia."

"Ndivyo unavyowaambia wasichana wote waliolowa?"

"Wenye sweta jekundu tu."

Jumatano iliyofuata Tulinagwe alikwenda, na aliporudi Lufingo rekodi ilikuwa safi kabisa. Akaenda tena, na tena, mara na gauni la kitenge la njano, mara na hereni ambazo somo la chai halikuzihitaji. Mafunzo yalipokuwa yakijirekodi wao walikunywa chai na kutaniana. Jioni simu zikawa hazikauki.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala."

"Aliyelala hapokei simu."

"Nimepokea usingizini. Niache niote vizuri."

Jumatano ya mwisho ya mafunzo Tulinagwe alikuwa msibani Kiwira. Ezron akarekodi peke yake, akamtumia flashi. Kesho yake wanakikundi wakajaa sebuleni kwao, flashi ikachomekwa kwenye redio, mwalimu akafundisha mpaka akaaga. Ikafuata kimya kidogo, kisha mlio wa simu ya wasapu, kisha sauti ya mwanamke, laini kama ya mtu aliyejilaza.

"Ezron, mpenzi wangu."

Kimya.

"Usiniambie hivyo, moyo wangu unaenda mbio."

Kimya kirefu.

"Kuoa? Mwaka huu huu?" Kimya tena. "Na mimi nilikuwa nasubiri tu uniambie. Haya, nimekubali, Ezron. Jumamosi nakuja."

Bibi mmoja aliyekuwa anasinzia akapiga kigelegele. Jirani yake akamfinya. Tulinagwe akachomoa flashi, akaenda nyuma ya nyumba, akalia mpaka kwikwi zikamshika.

Ezron alipiga simu mpaka akachoka. Ijumaa akapiga kwa namba ngeni.

"Tuli, usikate. Nimekosa nini?"

"Muulize huyo anayekuja Jumamosi. Kikundi kizima kimemsikia."

Ezron akaguna. "Yesu wangu, nilisahau kuzima rekodi! Yule ni Winfrida, tulikuwa wote zamani, alipiga kwenye wasapu ya kompyuta. Alitaka turudiane. Nilimwambia nataka kuoa mwaka huu, na ninayetaka kumuoa ni wewe. Akakubali yaishe. Anakuja kuchukua spika zake."

"Mbona wewe husikiki hata neno moja?"

"Kwa sababu kompyuta imerekodi kinachotoka ndani yake tu, na ndani alikuwa yeye. Mimi nilikuwa nje, na mvua. Maiki haikuwa kwenye rekodi, unajua mwenyewe."

Alijua, na hilo ndilo lililomtesa. Kwenye kila kimya mtu angeweza kujaza maneno yoyote, na Ezron alikuwa anajaza matamu. Je, kama ni uongo? Alimpenda, na aliogopa kuchekwa mara ya pili mbele ya watu wale wale.

"Nitajuaje, Ezron?" akauliza, kisha akakata simu kabla hajajibiwa.

Jumatatu akashuka Tukuyu kununua mbolea. Alipopita sokoni akawaona wazazi wa Ezron, waliokuja kutoka Ikuti kuuza ndizi. Walishawahi kumkaribisha kwao, na siku ile mzee alimkatia mkungu kwa mkono wake mwenyewe. Sasa mzee yule alimwona, akaruka kutoka kwenye kigoda, kofia ikaanguka, akatokomea nyuma ya marobota ya mitumba.

Hata baba yake ananikimbia, Tulinagwe akawaza. Wameshampokea mwingine.

"Shikamoo, mama," akasema kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Msamehe mzee." Mama alikuwa anacheka hadi machozi. "Tangu Jumatano jioni, Ezron alipokuja kutuambia atakuoa wewe, basi, anakuogopa! Nikamwambia, mwenzangu, binti wa watu hata hajaulizwa. Anasema anaanza mapema asije akakukosea heshima."

Tulinagwe akaelewa mara moja. Kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani kabisa. Bibi yake alizunguka migomba maisha yake yote ili asikutane na mkwewe. Na Jumatano jioni ilikuwa kabla ya flashi kufika Lufingo, kabla ya machozi, kabla Ezron hajajua kama kuna kosa la kuombea msamaha. Kifua chake kikafunguka, akapumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Akajifunika kitenge kichwani, akachuchumaa nyuma ya kreti za parachichi na kupiga simu.

"Tuli? Ni wewe kweli? Mbona unanong'ona?"

"Niko sokoni, nyuma ya parachichi. Nimejifunika uso."

"Nani anakufukuza?"

"Hakuna. Baba yako yuko nyuma ya mitumba. Nimejificha asinione."

Simu ikanyamaza. Safari hii Tulinagwe hakuogopa kile kimya, alimsikia Ezron anahema.

"Umelazimishwa?" Ezron akauliza.

"Nimejificha mwenyewe, mpenzi, kwa hiari yangu. Njoo upesi, mzee hatatoka huko mpaka mtu aje kunichukua."