Magurudumu ya Lori la Koplo

Kila asubuhi ya likizo ile, Nasambu aliamka, akafagia chumba, akawasha moto na kupika uji. Baba yake, fundi Elphas Murunga, alikuwa ametoka zamani, ukungu ukiwa bado umetanda. Uji ulipoiva, Nasambu aliumimina ndani ya birika, akalifunga kwa kitambaa ili uji usipoe, kisha akashuka nalo mjini Eldoret hadi kwenye uwanja wa magari karibu na stesheni ya reli. Njia ilijaa matope, na baridi ya Eldoret, wenyewe mwaijua, inauma masikio. Hata hivyo Nasambu hakulalamika. Uwanjani kulikuwa na lori, na lori hilo ndilo lingempeleka kwa mama yake.

Mama yake, Nabwire, alikuwa Kimilili. Alikwenda huko mwaka uliopita, wakati wa kupalilia mahindi, baada ya nyanya yake Nasambu kuteleza na kuvunjika mguu. Alipoondoka alisema angerudi upesi. Lakini mguu wa mtu mzee huchukua muda wake kupona, na juu ya hayo Mama alijifungua huko huko mtoto wa kiume aliyeitwa Khisa. Nasambu hakuwa amemwona bado. Habari zake aliletewa na wasafiri tu: kwamba ananyonya vizuri, kwamba ameota jino, kwamba hapendi kubebwa na wageni. Jioni, kazi zikiisha, Nasambu alizoea kutoa leso ya mama yake sandukuni na kuinusa. Harufu ya mama ilikuwa imeanza kupotea, na jambo hilo lilimhuzunisha kuliko yote.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, na serikali ilikuwa ikiuza kwa mnada magari ambayo haikuyahitaji tena. Wepukhulu, aliyekuwa dereva wa jeshi hadi Burma, alishirikiana na mwenzake Wangila wakanunua moja. Watu wote walimwita Wepukhulu kwa cheo chake cha vitani, Koplo, naye alitembea mitaani kana kwamba bado yuko kwenye gwaride. Alitaka kubeba abiria na mizigo kati ya Eldoret na Kimilili, na aliwatangazia watu mipango hiyo hata kabla lori halijaweza kusogea.

Shida ilikuwa magurudumu. Tairi za jeshi zilikuwa zimechanika, na za saizi ile hazikupatikana katika duka lolote mjini. Fundi Murunga akazunguka mashambani na mitaani kutafuta magurudumu mengine ambayo lori lingeyakubali. Mengine matundu yake hayakulingana na bolti za lori. Mengine yaliingia vizuri, lakini yalipozungushwa yakakwaruza springi. Koplo alikaa juu ya jiwe, kichwa mikononi, gwaride lote limemwisha. Mwishowe fundi alipata magurudumu ya lori bovu lililokuwa likibeba magogo. Matundu yalilingana, na tairi zake zilikuwa madukani tele. Yalichokosa ni sura tu, maana yalikuwa yameliwa na kutu.

"Haya yamekubali," Fundi Murunga alisema, akijipangusa mikono.

"Basi Jumamosi tunaenda Kimilili na Jumatatu tunarudi," Koplo akasema. "Na wewe Nasambu utakaa mbele na mimi. Mama yako akuone ukishuka kama mke wa chifu."

Nasambu aliinama ili wasione jinsi macho yake yalivyolowa.

Baba alimpa brashi ya waya, msasa na mkebe wa rangi ya kijani. Kisha akachukua chaki, akachora duara kuzunguka kila tundu la bolti, na jingine kubwa katikati, mahali ambapo gurudumu hugusana na chuma cha lori.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Ondoa kutu yote, chaki ikifutika uichore tena, halafu paka rangi kila mahali isipokuwa ndani ya chaki. Hapo chuma kikae juu ya chuma. Nati ukiikaza juu ya rangi, utaona imekaza kabisa, kumbe imekaza rangi tu. Lori likitembea, rangi inasagika, nati inalegea, na gurudumu linachomoka watu wakiwa juu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

Na kweli alielewa. Alisugua kutu mpaka vidole vikafa ganzi, akapaka rangi polepole bila kuvuka chaki. Gurudumu la kwanza lilipokauka, rafiki yake Jemutai alipita akitoka Kiplombe na kibuyu cha maziwa ya kuuza. Jemutai alisimama, akalitazama gurudumu, akaangua kicheko.

"Hili gurudumu lina choa," alisema. "Hebu ona hayo madoa."

"Ni Baba aliniambia niache hivyo."

"Sawa, lakini mimi kama ningekuwa naenda kwa mama yangu baada ya mwaka mzima, singefika na gari lenye choa."

Jemutai alienda zake na maziwa yake, akiwa ameshasahau alichosema. Nasambu hakusahau. Alilitazama gurudumu tena, na kweli akaona madoa tu. Akafikiria lori likiingia Kimilili, watu wakitoka nyumbani, mama yake mbele yao akiwa na Khisa mgongoni, na wote wakiona magurudumu yanayong'aa ambayo yeye mwenyewe aliyapaka. Alitamani sana mama yake aone kitu kizuri kilichotoka mikononi mwake. Akachovya brashi, akafunika madoa yote ya gurudumu lile, na mengine yote yaliyofuata aliyapaka vivyo hivyo. Yalipendeza mno.

Siku ya Ijumaa Fundi Murunga alikuwa chini ya lori, akirekebisha breki. Kufunga magurudumu aliwaachia Koplo na Wangila, watu wenye nguvu za kukaza nati lakini wasiojua siri ya rangi. Akiwa kule kule chini, miguu tu ndiyo inaonekana, alimwita binti yake.

"Nasambu, pale penye chaki uliacha wazi?"

Nasambu alikuwa amesimama karibu na miguu ile. Alijua kwamba akisema hapana, magurudumu yote yatafunguliwa, na Jumamosi itapita bila safari.

"Ndiyo, Baba."

"Vizuri," baba yake akajibu, akaendelea na kazi. Hakuuliza mara ya pili. Baadaye, giza likiwa limeingia, alipita na spana akijaribu nati moja moja, na zote zilikuwa zimekaza kabisa.

Asubuhi ya Jumamosi uwanja ulijaa watu. Koplo alikuwa amevaa koti lake la jeshi, akiamrisha magunia yapande kwanza na watu baadaye. Nasambu alivaa gauni lake la kanisani, na miguu aliipaka mafuta. Alipaswa kufurahi, lakini kila alipoyaona yale magurudumu ya kijani aliyakwepa kwa macho.

Mama mmoja kijana alikuja na mtoto mgongoni na kikapu mkononi. Alitazama jinsi ubavu wa lori ulivyokuwa juu, akageuka.

"Dada, nishikie mtoto kidogo nipande," alisema, akamfungua mtoto na kumweka mikononi mwa Nasambu.

Alikuwa mtoto mzito, mwenye joto, bado ana usingizi. Aliegemeza kichwa kwenye shingo ya Nasambu bila wasiwasi wowote. Nasambu alifikiri, Khisa naye yuko hivi. Khisa ana uzito kama huu. Kisha akafikiria mteremko mrefu unaopita Turbo, lori likishuka na watu wote hawa juu ya magunia, na mtoto huyu katikati yao. Yule mama alikuwa ameshaweka mguu juu ya gurudumu.

"Mama, usipande kwanza," Nasambu alisema. "Tafadhali. Shuka umchukue mtoto."

Kisha akaenda kwa baba yake. Njia ilikuwa fupi, lakini aliiona ndefu kama safari yenyewe.

"Baba, nilikudanganya. Nilipaka rangi hata ndani ya chaki. Magurudumu yote."

Fundi Murunga alichukua spana, akafungua nati moja, akapitisha kidole pale nati ilipokuwa imekaza. Kidole kilitoka na unga wa rangi ya kijani. Akawatazama watu walioketi juu ya magunia, kisha akamwendea Koplo.

"Wepukhulu, hatuendi leo. Washushe watu."

Pakawa na makelele. Wengine walinung'unika, wengine walichukua mizigo yao wakaenda stesheni kutafuta treni. Koplo alipoambiwa sababu alinyanyua mikono kama mtu atakayepiga kelele, halafu akautazama ule mteremko uliokuwa kichwani mwake, maana yeye aliujua kuliko wote. Mikono ikashuka.

"Nimeona magari yakianguka vitani," alisema polepole. "Sitaki kuona tena nyumbani."

Mchana kutwa Nasambu na baba yake walikaa chini wakikwangua rangi kwa msasa.

"Nilikuuliza mara moja tu," baba yake alisema hatimaye. "Unajua kwa nini? Kwa sababu nikikuuliza wewe, huwa sina haja ya kwenda kuangalia. Hilo ndilo limeniuma. Rangi si kitu."

"Nilitaka Mama ayaone yakiwa mazuri," Nasambu alisema, akilia sasa waziwazi.

"Najua. Hata mimi ninamtamani mama yako kila siku." Akamsogezea kipande kingine cha msasa. "Futa machozi. Bado yako mengine."

Walimaliza jioni. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kanisa, kwa hiyo Koplo akasema lori litaondoka Jumatatu. Ndipo Nasambu alipokumbuka kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne. Alimtazama baba yake, na baba yake akatikisa kichwa.

"Hutawahi kurudi, mwanangu. Mimi lazima niende kuyachunga magurudumu. Wewe utabaki kwa jirani, Mama Tryphosa."

Jumatatu lori liliondoka limejaa. Kiti cha mbele, pale ambapo angekaa Nasambu, alikaa mtu mwingine. Nasambu alisimama kando ya barabara hadi lori lilipopotea, na baada ya hapo alisimama bado, akisikiliza mlio wake ukizama upande wa Turbo. Kifua chake kilikuwa kitupu. Alijua ametenda jambo la haki, lakini usimwambie mtoto kwamba haki inaondoa hamu ya mama. Haiondoi.

Lori lilitarajiwa Jumatano. Baada ya masomo siku hiyo, Nasambu alikwenda uwanjani kumpokea baba yake. Lori lilifika likiwa na vumbi hata rangi haionekani. Fundi Murunga alishuka kwanza, lakini hakumjia. Aliinua mikono juu kupokea kitu kilichofungwa shuka, na baada yake akashuka mwanamke mwembamba, akitafuta kwa macho kila upande.

Nasambu hakukumbuka alivyokimbia. Alijikuta tu uso wake umo kwenye nguo za mama yake, na harufu ile ilikuwepo yote.

"Baba yako alishuka peke yake kule," Nabwire alisema, akimshika kichwa. "Nikauliza, mtoto yuko wapi? Akatueleza yote. Kukhu, nyanya yako, anatembea na fimbo sasa, na shangazi yako yuko naye. Kukhu mwenyewe akaniambia, mtoto aliyejinyima safari ili watu wengine wafike, unamngojesha nini tena? Panda lori uende kwake."

"Mama, nilidanganya kwanza."

"Nimeambiwa hata hilo." "Tulipofika kwenye mteremko, nilimkumbatia Khisa nikafumba macho. Baba yako akasema, usiogope, Nasambu alisema kweli. Basi nikafumbua."

Fundi Murunga alikuwa ameinama, akijaribu nati kwa mkono kama kawaida yake. Alisimama, akamwekea binti yake mkono begani.

"Kukosea kila mtu hukosea, hata fundi," alisema. "Lakini kosa ukilificha, wenzako wanapanda juu yake bila kujua. Ukikosea, sema mapema, hata kama kusema kutakunyima kile unachokitamani kuliko vyote."

"Ndiyo, Baba," Nasambu alijibu, na safari hii alimtazama usoni.

Kisha akanyoosha mikono, na mama yake akampa Khisa. Mtoto alimkodolea macho huyu dada mgeni, akakunja uso, akaanza kulia kwa sauti kubwa. Nasambu alimpakata vizuri, akambembeleza, na wote wanne wakashika njia ya kwenda nyumbani.