Kikao cha Saa Tatu

Asubuhi ya kwanza baada ya kufuta kikao, Hye-rin alikuta viti vyote vya ofisi vimeelekezwa kwenye kona isiyokaliwa na mtu. Akadhani ni wafagiaji.

Alikuwa bosi mpya wa watu sita, watengenezaji wa programu za simu, ghorofa ya tisa jijini Seoul. Alikuta desturi: kila saa tatu asubuhi wanasimama duara, kila mmoja anaulizwa jana kafanya nini, leo atafanya nini, nini kimemkwamisha.

"Tunapoteza muda," aliwaambia. "Nitumieni ujumbe tu."

Hakuna aliyefurahi.

Siku ya tatu ikaja harufu, kama maji ya maua yaliyooza chomboni. Siku ya nne, saa tatu kamili, Bo-ra, mmoja wa wale sita, alikuwa akipuliza kahawa yake, akaganda, macho yakapinduka, na kinywani mwa binti yule mwembamba ikatoka sauti nzito ya mwanamume: "Jana nilikuwepo. Leo nipo. Mbona siulizwi?"

"Mzee Gil-su," Hye-rin alimnong'oneza mkongwe wao, "nani huyo?"

"Gyu-sik. Alikaa pale kwenye kona. Alifia mezani, bosi. Siku mbili tulimpita tukidhani kajilaza. Ndipo bosi wa zamani akaanzisha kikao, asisahaulike mtu tena."

"Na hamkuniambia?"

"Ungetuelewa?"

Wakamleta Mama Ok, mganga, na kengele zake. Aliruka na kuimba mpaka jasho likamlowesha, kisha akaketi sakafuni, hoi.

"Huyu hatoki. Chakula hataki, pombe hataki. Anataka aulizwe, na muulizaji awe yule aliyemnyamazisha."

Basi kila siku Hye-rin akawa anasimama mbele ya kona tupu, anauliza, na wenzake wanatazama viatu vyao mpaka ukuta ujibu.

Jumapili alikimbilia kwa mama yake, mjini Daegu. Mama alikuwa akimenya pea huku akiwasengenya majirani, akicheka, akimwambia mwanawe amekonda, aolewe, ale, aache hiyo kazi inayomnyonya damu, na ilipotimia saa tatu kisu kikasimama, kicheko kikakatika, na uso ule aliouzoea tangu utotoni ukamgeukia taratibu.

"Bosi," mama akasema, kwa sauti nzito ya mwanamume. "Na Jumapili je?"