Sampuli ya Mwaka wa Kumi na Moja

Saa moja na robo asubuhi, mfagiaji wa kiwanda cha lami alifungua stoo ya sampuli akamkuta mpimaji mzee amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Saa mbili kasorobo Inspekta alikuwa amechuchumaa kando yake. Miaka ishirini kazini, na mama huyu bado hakuwa amezoea kutazama maiti.

Rafuni zilipangwa sampuli zilizokatwa barabarani, nzito kama matofali, kila moja na kibandiko: mwaka wa kwanza wa kiwanda hadi wa ishirini na mbili. Hakuna iliyopungua. Mlango haukuvunjwa. Mbali na marehemu, waliokuwa na ufunguo ni wawili: fundi mitambo, na meneja aliyekuwa shemeji wa marehemu.

"Jana mligombana," Inspekta alimwambia fundi.

"Sikatai, afande. Alisema tanuri langu linaunguza lami. Lakini ugomvi wa kazini huishia getini."

"Daktari anasema aliuawa saa kumi na mbili jioni. Ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, peke yangu." Akainamisha kichwa. "Najua inavyosikika."

Meneja hakusita. "Yule hasira zake ni petroli. Mimi nilikuwa kwa dada, namsubiri shemeji tule."

Askari walitaka kumfunga fundi pingu. Inspekta akawazuia, alikuwa anasoma daftari la marehemu, historia ya kila kilichowahi kuchanganywa na lami pale kiwandani. Mwanzo salfa. Kisha chokaa. Mwaka wa tisa, dawa ya kunata, ya kuishikiza lami kwenye kokoto. Mwaka wa kumi na tano, unga wa matairi chakavu. Kwenye ukurasa wa mwisho marehemu alikuwa ameandika: "Kona ya darajani, mwaka wa kumi na moja. Kesho naipeleka mahakamani."

Akarudi rafuni, akaishika sampuli ya mwaka huo. Ndani yake mlikuwa na chembe nyeusi zilizobonyea chini ya ukucha kama kifutio.

Saa tisa alasiri aliwakutanisha ofisini, mjane wa marehemu, dada wa meneja, akiwemo.

"Huu ni mpira," alisema. "Mpira ulianza mwaka wa kumi na tano. Sampuli hii imebandikwa mwaka usio wake. Fundi amechanganya lami miaka yote hiyo; asingekosea hivyo. Aliyekosea anaijua barabara kwa makaratasi."

Meneja alikohoa. "Dhana tu."

"Ya kweli tumeitoa kwenye buti la gari lako. Ina damu. Na kokoto zake zi wazi, hazikushikwa na lami. Uliamuru dawa iachwe?"

Meneja aliketi. "Dawa ilichelewa. Siku ya uzinduzi ilikuwa imetangazwa. Nikasema tumwage hivyo hivyo. Mvua ikaibandua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Basi likaanguka, watu tisa. Nilimsihi shemeji anyamaze. Akasema dereva yuko gerezani mwaka wa tatu kwa kosa langu."

Mjane alimtazama ndugu yake kana kwamba anamtafuta mtu mwingine usoni mwake.

"Ulikuja saa moja usiku, kaka. Ukanawa mikono kwangu. Ukaniuliza, 'Shemeji mbona amechelewa?' Nikakupakulia."

Wiki tatu baadaye dereva aliachiwa. Hakwenda kwake kwanza. Alikwenda kwa mjane, akaketi naye sebuleni hadi jua likazama.