Ndoo Ndani ya Picha

Tone la kwanza lilisikika saa nne asubuhi, jua lilipogusa dirisha la jikoni. Ti. Kimya kidogo, kisha ti tena, kama maji yanayodondokea kwenye ndoo tupu ya bati. Lorna Rushlow aliangalia bomba, akalikuta limefungwa na kukauka. Akamwita mumewe.

"Wendell, paa linavuja."

"Theluji ya juu haijaanza hata kuyeyuka, kitavuja nini?" Hata hivyo alipanda darini na tochi, akashuka na utando wa buibui kwenye nywele. Hakuna kilicholowa. Jioni baridi ilipokaza sauti ikakoma yenyewe, wakaicheka, wakala chakula chao.

Vermont mwezi wa Machi humchosha mtu. Kalenda inadai machipuko yako mlangoni, na nje ni tope na theluji iliyochakaa. Kila nyumba ina dawa yake ya kusubiria. Ya Lorna aliirithi kwa mama yake: picha zilizochomoka kwenye vitabu vya watoto vya zamani, zile zenye rangi zilizopauka, sungura waliovaa vizibao, wasichana wa kofia pana wakichuma maua. Kila wiki ya kwanza ya Machi alizitundika kwenye kamba jikoni kwa vibanio vya nguo, eti kuyaita machipuko yaingie ndani. Binti yake Odette, mwenye miaka saba, alipita akizisalimia moja moja. "Karibu. Karibu na wewe. Karibu." Nimeishi na watu hawa miaka mingi na nawapenda sana, lakini kuna jambo hawalijui: hupaswi kusimama mlangoni ukaita karibu bila kujua unamwita nani. Hata neno jini hawana. Wao husema tu "kile kitu".

Mwaka huu ilikuwepo picha mpya, Lorna aliipata kwenye mauzo ya vitu kuukuu kanisani. Ilionyesha mti mmoja mkubwa wa mepo, ule wenye utomvu mtamu, kwenye theluji, umetobolewa na kuning'inizwa ndoo ya kukingia utomvu, kama wanavyofanya huko wanapotaka kupika shira. Kando yake mzee ameshika keekee ya kutobolea, amempa mgongo anayemtazama. Lorna aliipenda kwa kuwa ilimkumbusha babu yake.

Siku ya tatu Odette hakuinuka kwenda shule. Lorna alipopandisha mkono wa nguo ya kulalia ya mtoto, aliona tundu chini kidogo ya kiwiko. Lilikuwa la duara, kiasi cha punje ya njegere, safi, halina hata alama ya damu.

"Nani kakufanya hivi?"

"Yule babu," Odette alinong'ona. "Alinipima kwanza kwa mikono, kama Baba anavyopima miti. Akasema natosha ndoo moja."

"Ulikuwa unaota, mwanangu."

"Sikuota, Mama. Alikuwa ananuka moshi mtamu."

Daktari alipima kila kinachopimika. Damu imepungua, alisema, na hajui imekwenda wapi. Aliwapa vidonge, akawaambia wamlete tena baada ya wiki. Kesho yake saa nne matone yakaanza tena, na safari hii hayakulia kama ya ndoo tupu. Yalikuwa na sauti nzito ya kitu kinachodondokea juu ya kitu. Wendell, aliyetoboa mepo tangu akiwa na umri wa binti yake, alisogea mbele ya ile picha. Ndoo aliyoiona tupu juzi sasa ilikuwa imejaa hadi theluthi, na kilichomo kilikuwa chekundu, kimechorwa kwa wino uleule uliopauka.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Vermont hakupaswa kulifanya. Aliichomoa picha kambani, akafungua jiko la kuni, akaitupa ndani akiapa kwa hasira, na kabla hajafunga mlango wa jiko nyumba nzima ilijaa harufu ya shira inayochemka, nzito, tamu hadi ya kutapisha, na kutoka chumbani Odette akapiga ukelele kwamba anaungua, anaungua, Baba ninaungua, na Wendell akakumbuka kile anachokijua kila mtoto wa kijiji kile, kwamba utomvu ukishakingwa kinachofuata ni moto, akatia mikono mitupu kwenye makaa akaivuta picha nje, viganja vikababuka, na karatasi yenyewe ilikuwa baridi, haijaungua hata ukingo.

Walimwita Bibi Hortense Pelkey. Huyu ndiye ambaye wilaya nzima humtafuta mtu anapotaka kuchimba kisima. Hutembea shambani na kijiti cha panda cha mtufaha, na penye maji kijiti huinama. Alikishika jikoni pale, na kijiti hakikuinama chini. Kiligeuka chenyewe mikononi mwake kikaelekea kitanda cha mtoto.

"Kifukuze," Wendell alisema kwa sauti ya chini, viganja vyake vimefungwa bendeji. "Nakuomba, Bibi."

"Mimi hutafuta maji, Wendell, sifukuzi wageni. Na huyu alikaribishwa."

"Basi tutasubiri," Lorna alisema haraka. "Miti ikichipua utomvu unaharibika, kila mtu anaondoa ndoo zake. Ni wiki nne tu, tano zikizidi."

Bibi Hortense alimtazama kwa huruma hadi Lorna akainamisha uso. "Miti yenu ya nje itachipua. Huu wa kwenye karatasi ulichapwa ikiwa Machi, mama. Utabaki Machi."

"Sasa tufanye nini?"

"Utomvu hautembei kwenye baridi kali. Hilo mnalijua kuliko mimi."

Walikuwa na friza kubwa jikoni, la kuhifadhia nyama ya kulungu. Wendell aliilaza picha katikati ya vifurushi, akafunga kifuniko, wakasimama wakisikiliza. Saa nne ikapita. Saa tano. Hakuna tone. Lorna alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbia chumbani kumwambia mtoto, na kule akamkuta Odette amelala chali, midomo ya buluu, mwili baridi kama mti wa Januari, pumzi ikija moja, halafu kimya kirefu ambacho mama hawezi kukivumilia, halafu nyingine, na alimtikisa, akamwita kwa jina, akamsugua mikono na miguu, akamfunika mablanketi yote ya nyumba, na mtoto hakufumbua jicho.

Wendell alirudi mbio akaitoa picha. Odette akapiga miayo, akaomba donati na achari ya matango, vile wanavyovila huko pamoja na shira. Jikoni ikasikika, ti.

Wakajua basi kuwa njia ni hizo mbili tu: picha ikiwa kwenye baridi mtoto halijui la dunia, ikitoka ndoo inajaa.

Ilipofika Mei kitanda cha Odette kilikuwa kimehamishiwa jikoni, kando ya friza. Bibi Hortense hakuja tena. Alisema hana la kusema na anaona aibu. Picha ilikuwa ikikaa kwenye baridi wiki nzima, na kila Jumapili asubuhi Lorna aliitoa kwa dakika kumi. Jumapili hii, kwenye ndoo ilikuwa imebaki nafasi ya kidole kimoja kufika ukingoni.

"Leo usiitoe," Wendell alimsihi. "Tafadhali, Lorna. Mwache alale tu."

"Nataka kusikia sauti yake."

"Kila ukiisikia unaipunguza!"

"Najua! Unadhani sijui?" Akamshika mumewe kifuani kwa ngumi mbili, kisha akazifungua. "Dakika tano, basi. Tano tu."

Wendell hakuwa na nguvu ya kumkatalia, kwa sababu na yeye alitaka. Akashika saa. Lorna akafungua friza, akaiweka picha mezani penye jua, akapiga magoti kando ya kitanda. Rangi ikarudi mashavuni polepole, vidole vikachezacheza, macho yakafumbuka.

"Mama," Odette alisema. "Nimelala sana?"

"Kidogo tu."

Ti.

"Machipuko yamefika?"

Nje mepo wa barabarani ulikuwa umejaa majani mabichi, na watoto wa jirani walikuwa wakipiga kelele na baiskeli zao bila makoti. Lorna alinyoosha mkono akavuta pazia.

"Bado, mwanangu," alisema. "Theluji ipo. Lala tena kidogo."

"Haya," Odette alisema, na alifumba macho mwenyewe, hata kabla baba yake hajaigusa ile picha.